Moyo wa Nasambu Haukuambiwa

Ukitaka kumjua Asenath Nasambu, anzia tumboni. Nyuma ya soko la Burma, pale Eastlands, Nairobi, mahali ambapo maji hayakauki hata wakati wa kiangazi, alikuwa na meza ya mabati na makarai yake, na kazi yake ilikuwa kuosha na kuuza matumbo ya ng'ombe. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, jamani, vinne kamili, na Nasambu alivijua vyote kwa vidole bila kuangalia. Kuna chenye manyoya kama taulo. Kuna chenye vijumba kama sega la nyuki. Halafu kuna kile chenye kurasa kama daftari, na hicho lazima ukifungue ukurasa kwa ukurasa chini ya maji, la sivyo mchanga unabaki ndani na mteja anakurudishia sufuria nzima ikiwa imeliwa nusu.

Sokoni walimwita Mama Matumbo, naye aliitika. Lakini tumbo lililomsumbua halikuwa la ng'ombe. Lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa na vidonda, alsa kama watu wanavyosema, na mtu wa Eastlands akisikia una alsa anageuka daktari papo hapo. Wacuka wa ndizi alimwambia anywe maji ya kabeji mbichi. Mbuthia mwenye bucha alimwambia maziwa baridi. Kanisani walimkataza maharagwe. Mumewe Mulama, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, alimletea dawa nyeupe ya chupa inayoacha midomo kama imepakwa chokaa. Nasambu alizifuata zote kwa zamu, kwa heshima, na alsa ikabaki.

Mwaka huo wa tisini na sita ilizidi. Alikuwa hali ila uji, na huo uji wenyewe ulikuwa unatafakari kwanza kabla ya kukubali kukaa. Gauni zake zikawa zinamning'inia. Hata hivyo aliendelea kwenda sokoni kwa miguu kutoka nyumbani kwake Shauri Moyo, kwa sababu watoto walishajitegemea, nyumba ilikuwa kimya, na karai halimuulizi mtu anajisikiaje.

Sasa, mchana baada ya habari redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Watu wa magharibi walioko Nairobi walikuwa wakiyasikiliza kuliko mpira. Nani alikuwa na simu? Barua ilichukua muda wake njiani, lakini jina lako likisomwa redioni, utaambiwa hata kama hukusikia. Mbuthia, ingawa yeye ni Mkikuyu na hakuwa na mtu wa kutangaziwa huko, aliongeza sauti ya redio ya bucha yake kila siku kwa ajili ya wateja wake.

Siku hiyo Nasambu alikuwa amelifikia tumbo la kurasa. Mikono ilikuwa ndani ya maji. Msomaji akasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka kwamba kuna kifo cha ghafla cha Bwana Wabwire Kweyu wa Sirisia, Bungoma, na habari ziwafikie wafuatao. Akasoma majina ya wajomba. Akasoma ya shemeji wa Webuye. Akamalizia: na dada yake, Nasambu wa Shauri Moyo, Nairobi.

Wabwire Kweyu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Hakuwa na mwingine.

Hapo kitu kikamfinya katikati ya kifua. Hakikuchoma. Kilifinya, kama mtu anayekamua tambara la kudekia, kikapanda mpaka kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Mbuthia akazima redio.

"Mama Matumbo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Pole, mama. Acha hiyo kazi. Kaa chini."

Nasambu hakukaa. Alifungua ukurasa uliofuata, akausugua, akaufunga, akafungua mwingine. Alimaliza tumbo lote. Watu wa soko waliliongelea jambo hilo siku nyingi, kwamba mwanamke ametangaziwa ndugu yake na anasugua matumbo, lakini yeye hakuwa akiringa wala hakuwa na roho ngumu. Alitaka kusimama na miguu haikumjibu, basi akafanya kile ambacho mikono ilikuwa bado inakumbuka.

Kabla jua halijatua nyumba ilijaa wanawake. Chumba cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, ni chumba kimoja na kijikoni, kwa hiyo wengine walikaa kitandani, wengine juu ya madebe, na waliochelewa wakasimama mlangoni wakilia kuelekea mferejini, kwenye bomba la maji la uani. Aliyeongoza kilio alikuwa Nabalayo, dada yake Mulama, aliyekuja mbio kutoka Huruma na leso mbili kiunoni. Kwa desturi yao, dada wa marehemu ndiye anayefungua kilio, na wengine wanafuata. Nasambu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho makavu, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Mulamwa," Nabalayo akamwambia, kwani ndivyo mashemeji wa kwao wanavyoitana, "lia. Lia utoe."

"Haiji."

"Haiji vipi? Ni ndugu yako!"

"Kifua kimebana."

"Si ndiyo hiyo! Ni alsa. Unameza machozi, na machozi ni chumvi. Yanashuka moja kwa moja kwenye vidonda. Wewe ukiwa na kidonda mguuni utakipaka chumvi?"

Wanawake wote wakaitikia kwa vichwa. Ukweli, ukilifikiria haraka haraka, neno lile lina akili. Chumvi na kidonda, nani hajui? Basi ikaamuliwa kwamba Nasambu anywe maziwa ya kupoza chumvi, na kila aliyeingia kumpa pole akaja na maziwa. Alikunywa ya kwanza. Ya pili akayatapika.

"Hii si ile yangu," akasema.

"Alsa ina ndugu wengi," Wacuka akamjibu kutoka juu ya debe.

Hakubishana. Alikuwa akijitazama kwa mbali, kama unavyotazama nyama kupitia kioo cha bucha. Alijua ndugu yake amekufa. Alilijua jambo hilo kama anavyojua kwamba Nairobi ndiyo mji mkuu. Akalala usiku ule ameketi, mto mgongoni, kwa sababu alipojinyoosha pumzi ilikataa.

Mchana wa kesho yake mwanamume mrefu mwenye kofia nyeusi na mkoba wa turubai alipita mferejini akiulizia kwa Mulama. Mulama mwenyewe alikuwa ametoka kutafuta basi la kupeleka watu mazishini. Mwanamume yule akasikia kilio, akasema moyoni kumbe habari imeshawafikia, vizuri. Akavua kofia, akaishika kifuani, na kama inavyompasa mtu anayeingia kwenye matanga, akafungua mdomo akaanza kulia kwa sauti kubwa.

"Wabwire weee! Wabwire umetuacha!"

"Umetuachaaa!" wanawake wakaitikia.

Wakaendelea hivyo, yeye akianzisha na wao wakipokea, mpaka Nabalayo alipojifuta uso akamtazama vizuri. Sauti ikamkatika.

"Khane, kumbe ni wewe," akasema polepole. "Ni wewe tunayekulilia."

Huwezi kuielezea fujo iliyofuata. Wacuka alitoka na debe alilokuwa amelikalia, na alipofika mferejini ndipo akagundua bado analo. Mwingine alimwagia mgeni maji. Mwingine alimshika mkono aone kama una joto, akaufinya mpaka mgeni akapiga kelele, na ile kelele ndiyo iliyowaridhisha.

Alikuwa Wabwire Kweyu, mwalimu wa shule ya msingi, mzima wa afya, na maji yakimtiririka masikioni.

"Yaya," akamwambia dada yake, kwani ndivyo kwao ndugu wanavyoitana, akipiga magoti mbele ya kitanda. "Ni Wabwire wa baba mdogo. Yule wa Kitale. Ukoo umenituma kuwaambia watu wa Nairobi siku ya mazishi."

Hapo ndipo kosa lilipoeleweka, na halikuwa la redio. Babu yao aliitwa Wabwire Kweyu. Wanawe wawili kila mmoja alimpa mtoto jina la baba yao, lote, bila kulipunguza. Huyo mtoto wa pili alihamia Kitale akiwa mdogo, ingawa tangazo lilimtaja kwa kwao Sirisia, na Nasambu alikuwa hajamkumbuka kwa miaka. Lakini kwao mtoto wa baba mdogo haitwi binamu. Huyo ni ndugu, basi. Wazee waliopeleka tangazo walimwandika Nasambu dada wa marehemu, na hawakusema uongo hata kidogo.

Nasambu alimwangalia mwanamume aliyepiga magoti.

"Si umekufa?"

"Niko hapa. Nishike."

Akamshika kichwa. Kilikuwa na maji. Alingoja furaha ije, maana alijua inatakiwa kuja, na watu wote chumbani walikuwa wamemkodolea macho wakiingoja pamoja naye. Haikuja. Kifua kilikuwa bado kimefinywa palepale.

"Aa," akasema. "Karibu."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Watu waliolia tangu jana wakacheka mpaka wakaanza kulia tena. Mama mmoja mzee akatangaza kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai hafai kuondoka kabla hajala jogoo katika nyumba iliyomlilia. Alilitoa wapi hilo hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Jogoo akatafutwa.

"Jamani," Wabwire akajaribu, "kuna mtu amekufa lakini."

"Huyo tutamlilia baadaye," Nabalayo akamjibu. "Mulamwa, inuka! Mpikie ndugu yako. Alsa yako leo imepata dawa."

Wakamwinua. Basi fikiria: mtu ambaye tangu jana anapumua kama anayevuta hewa kupitia mrija, anapewa jogoo amnyonyoe kwa kuwa habari mbaya imefutwa. Naye akanyonyoa. Alifika nusu ya bawa moja, chumba kikainama, akajikuta amepiga magoti kando ya stovu. Jasho lake lilikuwa baridi kama la chupa iliyotoka frijini. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu.

"Maziwa!" Nabalayo akaita. "Leteni maziwa, vidonda vimeamka!"

Kikombe kilipomfikia Nasambu alikisukuma, kikamwagika chote sakafuni.

"Nabalayo, nisikilize," akasema, neno moja moja. "Alsa yangu nimeishi nayo. Naijua kama ninavyomjua mume wangu. Inakuja nikiwa na njaa, nikila inanyamaza. Hii haijali nimekula. Hii ni mgeni. Na itaniua hapa hapa mkinishikia kikombe."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Wabwire akaweka kofia kichwani.

"Twende," akasema.

Walimpata mvuta mkokoteni aliyekuwa akirudi mtupu kutoka Gikomba. Wakatandika gunia na leso, wakamkalisha Nasambu, mgongo umeegemea mkoba wa turubai.

"Mathe, shika hapo pembeni vizuri," kijana wa mkokoteni akamwambia. "Hii gari yangu haina breki, na mimi mwenyewe ndio injini."

"Twende tu, baba."

Wabwire alitangulia akipunga kofia na kupiga kelele, "Njia! Mgonjwa! Njia!" na nyuma yao msafara wa wanamatanga ukafuata na leso zao za msiba. Watu wa kando ya barabara walivua kofia wakidhani amebebwa maiti.

Kwenye zahanati walipokewa na daktari mmoja kijana, Mutisya. Alipouliza kama mgonjwa ana alsa, waliomjibu walikuwa mlango mzima: "Ndiyo!" Mutisya akaanza kuandika dawa.

"Daktari," Wabwire akasema. "Jana huyu aliambiwa nimekufa."

Kalamu ikasimama. "Nani amekufa?"

"Mimi."

Mutisya alimtazama yeye, akamtazama mgonjwa. Halafu akaweka kalamu chini, akachukua kile chombo cha kusikilizia kifua, akakiweka mgongoni kwa Nasambu. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Uso wake ukabadilika. Akawaambia watu wote watoke nje, na akamwita dereva wa gari la wagonjwa.

Kwenye hospitali kubwa walimbandika nyaya kifuani na kumpa dawa ya kutoa maji mapafuni, na pumzi ikapata nafasi kidogo. Siku iliyofuata alipelekwa chumba chenye giza. Humo kulikuwa na daktari wa moyo, mwanamke Msomali aliyeitwa Sirad, na kioo kama televisheni ndogo. Sirad alimpaka mafuta baridi chini ya ziwa, akamgandamiza kidude, na kwenye kioo kikaonekana kitu cha kijivu kinachotikisika.

"Hiyo ni nini?" Nasambu akauliza.

"Ni moyo wako."

"Unauona nikiwa hai hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Nasambu akautazama. Ajabu gani hiyo, kuutazama moyo wako na wenyewe unaendelea na kazi bila aibu. Ungetegemea mtu ashtuke. Yeye aliutazama kama wa mtu mwingine.

"Mbona huku chini umelala?"

"Ndilo hilo ninaloliangalia," Sirad akasema. Akakunja ngumi, akaifungua, akaikunja tena. "Moyo mzima unafunga hivi, wote. Wako unafunga huku juu peke yake. Huku chini misuli imezubaa, imevimba. Umekuwa kama chungu chenye shingo nyembamba. Kwa ninavyoona si mshipa ulioziba. Nimeshaona wachache kama wewe, wengi wao akina mama wa umri wako, na kila mmoja alikuwa ametoka kupigwa na habari fulani. Sitakudanganya, jina lake silijui vizuri. Wakubwa zangu nao wanabishana."

"Kwa hiyo si alsa."

"Si alsa. Lakini alsa ina mkono wake. Mwili uliokaa na maumivu muda mrefu, hauli, haulali, damu imepungua, huo ni mlango ambao bawaba zimelegea. Mshtuko hauhitaji kuusukuma sana. Na pia imewafunika macho. Kila kinachouma mnakiita alsa."

Nasambu akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Lakini ndugu yangu hakufa, daktari. Yuko hapo nje. Mbona moyo haujarudi sawa?"

"Wewe umeambiwa," Sirad akasema. "Moyo haukuambiwa. Ile siku mwili wako ulimwaga hofu yote uliyokuwa nayo, na misuli ikalewa. Huwezi kuirudisha kwa kusema samahani, tulikosea."

Akamweleza yaliyobaki bila kuzunguka. Akilala, akala kidogo kidogo, akameza dawa za moyo na za tumbo pia, huenda misuli ikaamka baada ya wiki kadhaa. Wengi aliowaona yeye waliamka. Akiinuka mapema, akabeba ndoo au akasafiri, moyo unaweza kusimama njiani. Hakuna wa kumhakikishia.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Nabalayo akaja wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalainisha sauti.

"Mulamwa, umetajwa redioni. Dada wa marehemu. Nchi nzima imesikia, na usipoonekana kaburini itasemwa."

"Nchi nzima iende."

"Watasema ulimlilia mzima ukamwacha aliyekufa."

"Sikumlilia hata huyo mzima," Nasambu akasema. "Nenda, Nabalayo. Ukirudi uniambie walisema nini."

Alilisema bila hasira na bila uchungu. Nabalayo alikaa pale akikunja pembe ya leso yake, akaikunja tena, halafu akainama akamwekea shemeji yake shuka vizuri miguuni. Hakulitaja tena neno la mazishi.

Basi wakaenda, Mulama na Nabalayo na watu wote, na Wabwire akaenda kumzika mtu mwenye jina lake. Jumamosi ile Nasambu alilala akiangalia dari. Akasema kimoyomoyo, sasa wanamteremsha Wabwire Kweyu. Akajaribu kumwona yule wa Kitale, akapata mtoto mdogo tu, goti lina kovu, akila miwa. Halafu uso ukabadilika ukawa wa kaka yake, ukarudi ukawa wa mtoto. Hakujua amlilie yupi. Muuguzi akaja na uji, naye akaunywa wote, ukakaa.

Ziliporudishwa nyumbani leso za matanga na kufuliwa, Nasambu alikuwa bado amekatazwa kuinua hata birika. Mulama alipika yeye mwenyewe, vibaya lakini kwa bidii, na ugali wake ulikuwa na madonge kama mawe ya reli. Nasambu alikula. Watu walipokuja kumwona walimuuliza anajisikiaje, naye akawajibu, "Sijisikii," na wao wakadhani anatania.

Shule zilipofunga Wabwire alikuja tena Nairobi kumsindikiza kwa daktari. Chumba kilekile cha giza, mafuta yaleyale ya baridi. Sirad alikigandamiza kidude, akakiangalia kioo muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza, na Wabwire akawa anazungusha kofia mikononi.

"Tazama," hatimaye daktari akasema. "Huku chini. Unaona?"

Nasambu akatazama. Kile kitu cha kijivu kilikuwa kinafunga chote, juu na chini, kinafunguka, kinafunga.

"Umeamka," Sirad akasema. "Dawa za tumbo usiziache. Na kazi ya karai, uifanye nusu nusu kwanza."

Wabwire alisema asante nyingi sana, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu na kwa Kiingereza. Nasambu alisema asante moja. Alijua ni habari njema. Alijifuta mafuta, akafunga vifungo vyake, akaingoja furaha kama unavyongoja mfereji uliokatwa maji: unaufungua, unasikia upepo, unaufunga, utajaribu kesho.

Lifti ilikuwa imeharibika. Wakashuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, yeye mbele na kaka yake nyuma. Alipofika chini akagundua kwamba hakuwa amesimama popote kuvuta pumzi. Akageuka. Wabwire alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, kofia gotini, akihema, mwalimu mzima aliyeshindwa na ngazi za kushuka.

"Yaya, ngoja," akasema. "Ngoja kidogo nipumue."

"Pumua," Nasambu akamwambia.

Akasimama kando yake, watu wakiwapita, akimtazama kifua kinavyopanda na kushuka.